Kupika Maharage ya Nazi kwa Presha Kuka ya Umeme

Maharage ndiyo chakula kinachoonyesha vyema faida ya presha kuka ya umeme, kwa kuwa mvuke unapozuiwa ndani ya chungu, joto la maji hupita nyuzi 100 za kawaida za kuchemka, na punje ambazo zingekaa jikoni kwa saa mbili huiva kwa dakika chache.

Chagua vikombe viwili vya maharage, yaoshe, kisha yaloweke usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, weka maharage pamoja na vikombe vitano vya maji safi, na uhakikishe kwamba havivuki nusu ya chungu, kwa sababu maharage huvimba na kutoa povu linaloweza kuziba tundu la mvuke. Kagua mpira wa kifuniko, funga, kisha weka dakika 15; yasiyolowekwa huhitaji takriban 40. Muda huo huanza kuhesabiwa presha ikishapanda, jambo linalowashangaza wengi mara ya kwanza.

Yakiiva, usifungue mvuke kwa pupa. Subiri kama dakika 20 presha ishuke yenyewe, na kifuniko kikikataa kufunguka usikilazimishe.

Tui la nazi lisitiwe mapema, kwani presha hulikata. Kaanga kitunguu, nyanya na bizari kando, changanya na maharage, kisha mimina tui zito na ukoroge taratibu, kifuniko kikiwa wazi, mpaka mchuzi uwe mzito.