SOMO: Kupanga masomo ya Mahusiano ya Kimataifa kwa kuanzia kazi

Kila mwaka wa masomo ukikaribia, inbox inajaa lile lile: "Yaya, RI (Mahusiano ya Kimataifa) inaleta kazi gani?" Naandika mara moja. Mukirudia nitawatumia kiungo.

1. Uwe na diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari.

2. Soma matangazo ya kazi kabla ya kujiandikisha. Hapa Lubumbashi kazi za "kimataifa" ziko pia forodhani Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kwa wasafirishaji, na migodini. Kanuni ya madini ya 2018 inazidai kampuni angalau 0.3% ya mauzo kwa maendeleo ya jamii. Lazima awepo mtu wa kuongea na vijiji.

3. Hesabu miaka: licence (digrii ya kwanza) ya mfumo wa LMD ni 3, kredi 180, master ni 2, kredi 120.

4. Staji (mazoezi kazini) na memware (andiko la kumaliza masomo). Hapa ndipo watu wanajichoma. Mtu anachagua "Umoja wa Mataifa na amani duniani", ananakili vitabu, anamaliza bila kujuana na mtu yeyote kazini. Chukua mada unayoweza kuifikia kwa basi: foleni za malori Kasumbalesa, kwa mfano. Lakini ANGALIA: pata barua ya ruhusa kabla mada haijapitishwa, maana ofisi ikikataa kutoa hati zake, mwaka umeenda. Na usitoke staji bila cheti chenye sahihi, muhuri na kazi ulizofanya. "Alikuwa hapa" haitoshi.

MASWALI

— Yaya, chuo gani kinatoa kazi haraka?
— Hakuna. Hatua ya 2.

— Kwa hiyo UN tusahau?
— Nimeandika wapi hivyo? Mtihani wao wa YPP, wa kuajiri vijana wataalamu, unataka usizidi miaka 32, digrii ya kwanza, Kifaransa au Kiingereza, na nchi yako iwe kwenye orodha ya mwaka ule. Angalia orodha kwanza, kisha uote.

— Niko L1 (mwaka wa kwanza wa licence), nimependa mambo ya reli ya Lobito. Kireno kitanisaidia?
— Swali zuri, mdogo wangu. Reli ile inatoka Kolwezi mpaka bandari ya Angola, na SADC, jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika, inatumia pia Kireno. Ila Kiingereza kwanza: Zambia ni jirani, na COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, makao yake yako Lusaka. Kireno anza L2, polepole. Memware yako ninaiona tayari. Ukipata mada, niletee tuijadili.

— Kiingereza cha bure tunakipata wapi?
— Madereva wa Zambia wanaosubiri mpakani. Wana muda mwingi, na wanapenda kupiga soga.

— Yaya, diploma ya Serikali ni lazima?
— Hatua ya 1.