Kutenganisha athari ya kelele na ya kuzoea katika mipigo ya neuroni

Neuroni (seli ya neva) ikitoa mipigo yake ya umeme kwa mapengo ya muda yasiyolingana, usikimbilie kulaumu kelele, yaani mitikisiko ya nasibu ya volti. Mkondo wa kuzoea, yaani potasiamu inayotoka na kuirudisha nyuma seli baada ya kila mpigo, nao hubadilisha mapengo. Igiza neuroni moja kwenye Python uone kila kimoja kinafanya nini. Tumia modeli ya leaky integrate-and-fire: mkondo hupandisha volti, volti huvuja kurudi kwenye kupumzika, na ikifika kizingiti neuroni hupiga.

Anza bila kelele. Volti ya kupumzika iwe −70 mV (milivolti) na kizingiti −50. Baada ya mpigo irudishe −70, uifungie hapo ms (milisekunde) 2. Muda-thabiti wa utando (kipimo cha kasi ya volti kuvuja) ms 20, ukinzani megaohmu 100, hatua ya hesabu ms 0.1. Ukitia nanoampia 0.3 utapata mpigo kila ms 24 hivi. Ukipata namba ya mbali na hiyo, msimbo una kosa, usiendelee.

Sasa kelele. Kila hatua, ongeza kwenye volti 0.3 mV mara namba nasibu ya Gauss (wastani 0, varianzi 1). Hiyo 0.3 ni mtikisiko wa mV 3 mara kipeuo cha pili cha 2 × 0.1 ÷ 20. Wengi huteleza hapa: wanabadilisha hatua ya hesabu bila kukokotoa upya kipeuo, na nguvu ya kelele inabadilika kimyakimya.

Gawa mchepuko sanifu wa mapengo kwa wastani wake; jibu ni mgawo wa mtawanyiko. Saa kamili hutoa 0, mipigo ya Poisson, yaani ya bahati nasibu tupu, hutoa 1. Kwa nanoampia 0.3 jibu huwa karibu 0.2. Shusha hadi 0.13: bila kelele volti ingekomea −57 na neuroni ingenyamaza, lakini sasa inapiga mara chache kwa sekunde na jibu linasogelea 1. Kelele ni ileile. Kilichoongezeka ni umbali wa kufikia kizingiti. Endesha sekunde 300, la sivyo mapengo hayatatosha.

Kwa kuzoea, weka kigezo w kinachopanda mV 3 kila mpigo na kufifia kwa muda-thabiti wa ms 150, ukitoe kwenye msukumo wa mkondo (ukinzani mara mkondo). Tupa sekunde ya kwanza, kwani mapengo yake bado yanarefuka na hukuza mtawanyiko kwa uongo. Pia usilinganishe kwa mkondo uleule: kasi hushuka karibu nusu, na msukumo ukikaribia kizingiti kelele hupata nafasi. Pandisha mkondo mpaka kasi zilingane.

Kisha pima uwiano (korelesheni) wa kila pengo na linalofuata. Bila w ni kama sifuri. Ukiwa na w huwa hasi, maana pengo fupi huacha w juu na kulirefusha la pili. Mgawo wa mtawanyiko hauoni jambo hili hata kidogo. Hesabu mipigo kwenye madirisha ya sekunde 1, na varianzi ya hesabu hizo ukiigawa kwa wastani wake itakuwa chini ya mraba wa mgawo huo.

Uwiano ukitoka chanya, tafuta kwanza mkondo unaoyumba polepole. Kama haupo, kelele huenda imo ndani ya w yenyewe: chaneli za kuzoea (vijitundu vya utando vinavyopitisha potasiamu) zikiwa chache, kufunguka kwake kwa bahati nasibu huyavuta mapengo jirani upande mmoja.