Mtoto anataka gita? Usikurupuke kununua kama mimi

Binti yangu alikuwa na miaka 7, nikamnunulia gita kubwa la nyuzi za chuma, kisa limeshushwa bei na muuzaji kaniambia "si atakua nalo mama", wiki ya pili vidole vinamuuma mtoto analia, gita likawa la kutundikia mikoba. Tulikuja kuanza upya mwaka uliofuata.

Kwanza saizi. Wa miaka 5 mpaka 8 hivi mtafutie la nusu, 8 mpaka 11 la robo tatu (majina tu hayo, ukilipima la nusu sio nusu kweli). Nyuzi ziwe za nailoni, na usije ukafunga za chuma kwenye gita la nailoni, zinavuta mno, kile kibao kinachoshikilia nyuzi pale tumboni kinaweza kubanduka. Dukani mkalishe nalo kabisa, ukiona bega limepanda karibu na sikio ujue ni kubwa, rudisha.

Kutyuni (kukaza au kulegeza nyuzi mpaka zitoe sauti sahihi) ni kazi yako, sio ya mtoto. Pakua app ya bure kwenye simu, gusa uzi mmoja mmoja mpaka ikukubalie. Nyuzi mpya za nailoni siku za mwanzo zinalegea hovyo kwa hiyo tyuni kila mara kabla hajashika, maana gita likilegea mtoto anapiga sawa ila inatoka vibaya, anajiona yeye ndo hajui.

Sasa hapa ndo penyewe. Nyuzi sita zote za nini? Mwanzishe na zile tatu nyembamba tu. Akizipitisha kidole bila kubonyeza chochote hiyo tayari ni E maina, moja ya chord (nyuzi kadhaa zikilia pamoja), na C na G hapa chini ni hivyo hivyo. Akibonyeza uzi wa pili (hesabu kuanzia ule mwembamba) freti ya kwanza, kidole kimoja tu, ni C; freti ni vile vyumba vya shingoni vinavyotengwa na vyuma vya kulala. Akiachia akabonyeza uzi wa kwanza (ule mwembamba kuliko wote) freti ya tatu, ni G. Abonyeze karibu na kile chuma cha mwisho wa freti, upande wa tumboni, sio juu yake, la sivyo uzi unakoroma. Kucha za mkono wa kushoto mkate. Kwa C na G peke yake kuna pambio na nyimbo za watoto kibao anaziimba, wangu siku ya kwanza alirudia kale kawimbo kake mpaka baba yake akahamia uani.

Muda dakika 10 kila siku, kabla ya chakula cha jioni, sio saa zima la Jumamosi. Ncha za vidole zitauma wiki mbili tatu, akisema zinauma aache mpaka kesho.

Mwalimu sio lazima mwanzoni, ila kama mpo Unguja kuna Dhow Countries Music Academy, ipo tangu 2002, huko hata udi na kanuni, zile ala za nyuzi za taarabu, wanafundisha. Bara wengi tunawafuata wapiga gita wa kanisani. Kabla hujalipa kakae uone anavyofundisha mtoto mwingine, akiwa anapiga yeye nusu saa mtoto anatazama tu, tafuta mwingine.

Na gita msiliache kwenye gari juani, gundi inaachia.