Ukienda kongamano la masoko Mwanza, usianzie meza kuu

Watu wengi hutoka kwenye makongamano ya masoko na biashara hapa Mwanza na mfuko wenye daftari, kalamu na picha waliyopiga na mgeni rasmi. Wiki inapita, simu haijaita. Mimi nafanya kazi ya masoko kwa wafanyabiashara wa Kanda ya Ziwa, na wateja wangu wengi nimewapata kwenye shughuli za namna hii. Karibu wote hawakuwa meza kuu. Walikuwa maofisa ugavi, wasaidizi wa masoko, wahasibu, makatibu muhtasi, yaani wale wanaoandika barua ya kuomba bei. Mkurugenzi atakusikiliza, atapokea kadi yako, kisha ataikabidhi kwa mmoja wa hao. Mwongozo huu unawafuata hao hao moja kwa moja.

Hatua ya 1: Amua kwanza kama unakwenda

Kabla ya kulipa kiingilio, waombe waandaaji ratiba na orodha ya taasisi zilizothibitisha kuja. Majina ya watu hawatakupa, na hawapaswi, ila taasisi watakutajia. Ukikuta orodha imejaa watu wanaouza kile unachouza wewe, hiyo ni siku ya kujifunza. Nenda tu, lakini usitegemee kurudi na wateja.

Kisha piga hesabu ya kweli. Tuseme kiingilio ni 150,000, nauli na bodaboda 40,000, kadi 30,000, na kazi uliyoiacha siku nzima ina thamani ya 80,000. Hapo ni laki tatu. Kama faida yako kwa kazi moja ni laki moja na nusu, unahitaji wateja wawili ili usipate hasara. Uliza mapema kama bei imejumuisha VAT ya asilimia 18 na kama utapewa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Bila risiti hiyo mhasibu wako atabaki anakutazama.

Shughuli za bure au za bei ndogo usizidharau. Mikutano ya TCCIA (chemba ya wafanyabiashara), mafunzo ya SIDO (shirika la viwanda vidogo) na maonesho ya Nane Nane pale Nyamhongolo yana wanunuzi wengi kuliko kumbi nyingi za hoteli. Ongeza maonesho ya teknolojia ya madini ya Geita, ambako anayeuza sare, chakula au matangazo anaweza kuzungumza na watu wa migodi ana kwa ana. Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kwenda Geita na kurudi siku hiyo hiyo ni jambo rahisi. Zamani foleni ya kivuko peke yake ilitosha kukumalizia asubuhi.

Na kama watu unaowataka ni wa dagaa, tazama mwezi kabla ya kutazama ratiba. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikitoka, taa hazifui dafu na mitumbwi inapumzika. Wakati wa giza, mwenye mitumbwi yuko kazini au amelala, hata umtumie mwaliko wa dhahabu. Wakati wa mbalamwezi utampata, na mtakaa mkazungumza hadi chai iishe. Waandaaji wengi hawalijui hili, ndiyo maana viti vya wavuvi hubaki vitupu halafu lawama zinawaendea wavuvi.

Hatua ya 2: Chagua taasisi tatu

Tatu zinatosha. Kwa kila moja, tafuta kitu kimoja wanachohangaika nacho sasa hivi. LinkedIn itakusaidia kwa mabenki, migodi na mashirika. Kwa wafanyabiashara wa hapa mjini, wengi hawapo huko. Angalia kurasa zao za Facebook na Instagram, na zaidi ya yote muulize mtu anayewauzia kitu kingine. Anayewapelekea karatasi za ofisi anajua nani anasaini malipo na nani anachelewesha.

Kama mojawapo ni taasisi ya umma, hakikisha umejisajili NeST kabla ya siku hiyo. Huo ndio mfumo wa ununuzi wa umma ulioanza mwaka 2023 na kuchukua nafasi ya ule wa zamani, TANePS. Ofisa ugavi wa halmashauri akikupenda namna gani, kama hujasajiliwa kwenye mfumo hana pa kukuweka. Na kama mko kwenye kikundi kilichosajiliwa cha vijana, wanawake, wazee au watu wenye ulemavu, kumbuka kuna asilimia 30 ya ununuzi wa umma iliyotengwa kwa makundi hayo. Litaje hilo mapema kwenye mazungumzo. Maofisa wanatakiwa kuitekeleza, na mara nyingi wao ndio wanaowatafuta ninyi.

Hatua ya 3: Andaa namna ya kujitambulisha

"Mimi ni mtaalamu wa masoko na mawasiliano ya kimkakati" ni sentensi inayomfanya mtu atazame simu yake. Sema kazi yako kwa mfano ambao aliye mbele yako anaujua: "Nawasaidia wauza dagaa wa soko la Mwaloni wapate vifungashio na lebo zinazokubalika supamaketi." Ukiwa na mtu wa hoteli, badilisha mfano. Ukiwa na mtu wa shule binafsi, badilisha tena. Jizoeze kwa sauti, peke yako, mpaka isisikike kama umekariri.

Salamu nayo ina uzito wake. Mzee wa biashara anaamkiwa shikamoo kwanza, unaulizia safari na nyumbani, ndipo kazi inaingia. Usimchomekee kadi mkononi akiwa bado anaitikia salamu. "Mwangaluka" ya Kisukuma inafungua milango mingi kwenye kanda hii hata kama huna neno la pili, mradi usiigize. Mimi naona ni bora Kiswahili cha heshima kuliko Kisukuma cha kuchekesha.

Hatua ya 4: Vitu vya kubeba

Kadi chache zenye namba moja tu ya simu, ile iliyo kwenye WhatsApp. Kalamu mbili, maana moja itaazimwa. Betri ya akiba. Sampuli ndogo ya kazi yako kama inaingia mfukoni. Bango la kusimama liache ofisini kama hujalipia meza.

Hatua ya 5: Fika kabla ya ratiba

Jua ukumbi uko wapi. Hoteli ya Gold Crest iko katikati ya mji, hoteli ya Malaika iko nje kidogo kuelekea uwanja wa ndege, na ukumbi wa Benki Kuu (BoT) uko Capri Point. Nauli na muda wa kufika haviko sawa. Anayetoka Musoma akishukia stendi ya Nyamhongolo bado ana safari ya kuingia mjini, na wa Geita au Shinyanga akishukia stendi ya Nyegezi hali ni hiyo hiyo.

Barua ikisema saa tatu kamili, mgeni rasmi anaweza kuingia saa nne na nusu. Wengi wanalichukulia hilo kama ruhusa ya kuchelewa. Wewe ichukue kama saa moja na nusu ya bure. Wanaofika mapema ni wale wale unaowataka, kwa sababu wametumwa na ofisi na wanapaswa kusaini karatasi ya mahudhurio. Simama karibu na meza ya usajili, msaidie mtu kutafuta jina lake kwenye orodha, zungumzeni. MC akishasema itifaki imezingatiwa, nafasi hiyo imefungwa mpaka chai.

Ukikaa, usikae na wenzako mliokuja gari moja. Kaa pembeni ya njia, safu za katikati, ili uweze kutoka bila kuamsha kijiji kizima.

Hatua ya 6: Foleni ya chai

Hapa ndipo kiingilio chako kinaporudi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Foleni ya chai ya saa nne ni ndefu na haina vyeo. Aliye mbele yako hana pa kukimbilia, na wewe huna sababu ya kumvamia. Anza na kitu ambacho wote mnakiona. Mazungumzo mazuri huwa mepesi hivi:

"Habari za asubuhi, dada. Umetoka mbali leo?"
"Nzuri, kaka. Natoka Sengerema."
"Karibu sana. Sasa na daraja mnawahi."
"Tunawahi. Zamani saa hizi ningekuwa bado Busisi."
"Kule mko kwenye shughuli gani?"
"Tunakoboa mpunga, tunauza mchele huku mjini."
"Unatoka vizuri?"
"Unatoka, ila mifuko inatusumbua."

Ukishasikia "inatusumbua", ulimi utakuwasha kusema unauza mifuko. Ushikilie. Uliza inasumbua vipi: inapasuka, wino unafutika, au anayechapa anawachelewesha? Hayo ni matatizo matatu tofauti na yana bei tatu tofauti. Uliza wananunua mingapi kwa mwezi na nani anaagiza. Ukishajua hayo, sema kwa kifupi kwamba hiyo ndiyo kazi yako, kisha omba ruhusa: "Nikikutumia picha za sampuli kesho kwa WhatsApp itakuwa sawa?" Akikubali, andika namba palepale na mbele ya jina lake weka neno la kukukumbusha: mchele, mifuko, Sengerema. Halafu muage. "Nisikuzuie, ngoja nikupishe" ni maneno ya heshima na yanakupa nafasi ya kumfuata mwingine.

Ruhusa hiyo haiishii kwenye adabu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na namba ya simu ya mtu ni taarifa yake binafsi. Kupiga picha karatasi ya mahudhurio na kuwaingiza watu wote kwenye kundi la WhatsApp la matangazo, jambo ninaloliona kila mara, ni kuitafuta Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kwa mikono yako. Na hata kabla ya Tume, watu watajitoa kwenye kundi usiku huo huo.

Mwenye foleni ndogo kuliko wote kwa kawaida ni ofisa wa chini wa kampuni kubwa. Bosi wake amezungukwa. Yeye amesimama na kikombe peke yake. Mwendee huyo.

Hatua ya 7: Uliza swali moja ukumbini

Kipaza sauti kikija, taja jina, kazi na mji, kisha uliza swali fupi linalowahusu wengi. Usihutubie. Usianze na pongezi kwa kamati. Kila aliyetangulia ameshaitoa. Swali zuri, kwa mfano: kama mzalishaji mdogo wa Ukerewe ameshapata alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango), supamaketi za mjini zinamlipa baada ya siku ngapi? Atakayejibu atakuwa amekufanyia tangazo, na wakati wa chakula watu wenye shida hiyo hiyo watakufuata wenyewe.

Hatua ya 8: Picha ya pamoja

Piga, ondoka.

Hatua ya 9: Kesho yake asubuhi

Usiku wa kongamano, kabla ya kulala, pitia majina uliyoandika na uweke alama kwa wale uliowaahidi kitu. Kesho yake kati ya saa tatu na saa tano, watumie. Mmoja mmoja, si ujumbe mmoja kwa wote. Kitu kama hiki:

"Habari za asubuhi, dada. Mimi ni yule wa vifungashio, tulisimama pamoja kwenye foleni ya chai jana. Ulisema mifuko inapasuka kwenye mshono. Nimekuwekea picha za aina mbili, ya pili mshono wake ni wa mara mbili. Ukinitajia mnatumia mingapi kwa mwezi nitakutumia bei leo."

Hakuna nembo wala wasifu wa kampuni wa kurasa ishirini. Asipojibu, subiri wiki moja kisha mpigie. Hapa kwetu watu wengi wanaoacha ujumbe bila kuujibu wanapokea simu vizuri tu. Asipopokea, mwache.

Hatua ya 10: Akikuomba "cha juu"

Itatokea. Ofisa wa ugavi atasema kazi ipo, ila umkumbuke. Tofautisha watu wawili. Dalali huru aliyekuletea mteja unaweza kumlipa kamisheni, kwa maandishi, na ukaionyesha kwenye hesabu zako. Mwajiriwa wa mnunuzi anayedai fedha ili akupe kazi ya mwajiri wake anaomba rushwa, awe serikalini au kwenye kampuni binafsi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamgusa wa serikalini na wa kampuni binafsi, na mtoaji pia. Mjibu kwa upole kwamba bei yako haina nafasi hiyo, kisha utumie bei yako kwa barua pepe ya ofisi badala ya simu yake. Kazi nyingine zitakupita kwa jibu hilo. Zipite.

Hatua ya 11: Rudi kwenye zile laki tatu

Baada ya miezi miwili fungua hesabu ya hatua ya kwanza, andika kando yake ni nani ameomba bei, nani ameagiza na nani amelipa. Kama hakuna aliyeomba bei, kongamano hilo halikuwa na watu wako na mwakani usilipie. Kama wameomba bei lakini hawakuagiza, kongamano lilikuwa zuri. Shida iko kwenye bei au kwenye sampuli. Na kama wameagiza, wapigie waandaaji mapema uulize meza ya maonesho ya mwakani ni kiasi gani, kwa sababu meza zilizo karibu na sehemu ya chai huchukuliwa kwanza.