Somo: Kurudi kwenye tangi la maji chumvi, mara hii kwa lita 80

Somo hili ni la mtu aliyewahi kufuga samaki wa baharini, akaacha kwa sababu ya kuhama, watoto, kazi au gharama, na sasa anataka kurudi na tangi dogo la sebuleni. Anayeanza kabisa atafaidika pia, ila namlenga huyu wa kwanza kwa sababu naona ndiye anayeharibikiwa haraka zaidi. Mgeni huogopa na kuuliza. Anayerudi analikumbuka tangi lake lilivyokuwa mwishoni, limejaa matumbawe na samaki waliozoea mkono wake, na anataka kufika pale ndani ya mwezi mmoja. Ile miezi ya mwanzo, ya maji matupu na mawe makavu, ameshaisahau.

Nachukulia tangi la sentimita 60 kwa 40 kwa 40. Kwa hesabu ni lita 96, lakini ukishatia mawe na mchanga na kuacha nafasi juu, maji yanabaki kama lita 80.

Hatua ya 1: Kagua vya zamani

Toa tangi nje, liweke juu ya sehemu iliyo sawa, lijaze maji ya bomba na uliache siku 3 au 4. Kila siku pitisha karatasi ya tishu kwenye viungo vyote kwa nje, maana tishu hushika unyevu ambao jicho halijauona. Kisha mwaga maji na ubonyeze silikoni ya ndani kwa ukucha. Ikiwa inabanduka kingoni au inakatika vipande, mpe fundi wa vioo aivue yote na kuipiga upya.

Jiulize pia kama tangi hilo liliwahi kutiwa dawa ya shaba. Shaba hunasa kwenye mawe na silikoni, na kiasi kidogo tu kinaua kamba, konokono na matumbawe. Tangi la namna hiyo libaki la samaki watupu, au liwe la karantini, yaani la kutenga samaki wapya au wagonjwa.

Pampu za zamani nyingi zinafufuka. Fungua, toa sumaku ya ndani, loweka kila kitu kwenye siki nyeupe iliyochanganywa na maji usiku kucha, na ile chokaa iliyoganda itaachia. Hita ya zamani tupa. Vipimo vya kemikali vilivyopitwa na tarehe tupa. Mchanga wa zamani tupa pia, haijalishi umeuosha mara ngapi. Na kama uliacha zama za taa za metali halaidi, furahi: taa za LED za leo zinakuza matumbawe kwa umeme mchache na joto dogo sana, na kwa sisi wa Pwani hilo la joto ndilo kubwa.

Mawe yaliyokauka stooni yasugue, yaloweke, yatumie. Lakini usiyachemshe hata siku moja. Baadhi ya zoanthidi, vile vijitumbawe vinavyofanana na vifungo vya rangi, hubeba sumu iitwayo palitoksini, na watu wameshalazwa hospitali pamoja na familia zao kwa kuvuta mvuke wa mawe yaliyochemshwa jikoni. Ukija kukata au kuhamisha zoanthidi siku za mbele, vaa glovu na miwani.

Hatua ya 2: Mahali

Maji, mawe, mchanga na kioo vinafika zaidi ya kilo 120 kabla ya stendi. Meza ya televisheni haitoshi. Weka mbali na dirisha la jua. Kila waya unaotoka kwenye tangi uning'inie chini ya soketi kisha upande, ili tone likitiririka lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme.

Hatua ya 3: Maji

Hapa ndipo penye somo lenyewe.

Maji ya bomba na ya kisima yaache. Yana klorini, fosfeti, madini na wakati mwingine shaba ya mabomba. Unahitaji maji yaliyopita kwenye mashine ya RO, inayosukuma maji kupita utando mwembamba unaozuia madini, na yakimalizia kwenye kichujio cha ioni ni bora zaidi. Kama huna mashine, maduka ya kujaza maji ya kunywa mijini mengi yanatumia RO, ila baadhi yanarudisha madini ili maji yawe na ladha. Nenda na kipimo chako cha TDS mfukoni, kile kinachoonyesha kiasi cha madini yaliyoyeyuka majini, omba kikombe, pima palepale. Ikisoma 0 hadi 5, jaza madumu yako. Ikisoma 60, asante, nenda duka la pili.

Chumvi ya tangi ni mchanganyiko maalumu, si chumvi ya jikoni wala ile ya mashambani. Kwa ndoo ya lita 20 utahitaji kama gramu 720 hadi 760 kutegemea aina. Tanguliza maji, ndipo utie chumvi taratibu huku pampu ndogo ikizungusha, na uache hadi kesho yake. Lengo ni 35 kwa elfu, yaani gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji ya tangi, ambayo kwenye refraktomita, kile kifaa cha kupima chumvi kwa mwanga, inasoma 1.026. Refraktomita irekebishwe kwa kimiminika maalumu cha 35; ukiirekebisha kwa maji matupu peke yake inaweza kukudanganya kule juu unakokuhitaji.

Sasa sikiliza hesabu inayoua matangi madogo. Maji yanapopotea kwa mvuke, chumvi inabaki. Feni ikipuliza juu ya tangi, kupoteza lita 4 kwa siku mbili si ajabu. Tangi la lita 400 likipoteza lita 4, chumvi inatoka 35 hadi 35.4 na hakuna anayejua. Tangi lako la lita 80 likipoteza lita hizo hizo, chumvi inafika karibu 37. Ukisafiri wikiendi ndefu, hesabu inakuwa mbaya zaidi. Kwa hiyo bandika utepe kwenye kioo pale maji yanapostahili kufika, na kila asubuhi jazia maji matupu ya RO, yasiyo na chumvi, hadi kwenye utepe. Ukimudu, nunua kifaa cha kujazia chenyewe. Kati ya vyote vilivyoingia sokoni tangu ulipoacha, hicho ndicho ningekinunua kwanza, kabla hata ya taa nzuri. Ndoo yake isizidi lita 5. Kikikwama na kumwaga zote, chumvi itashuka hadi 33 hivi, na samaki watavumilia.

Hatua ya 4: Joto

Lenga nyuzi 25 hadi 26. Nairobi, Arusha au Mbeya utahitaji hita, na ni heri mbili za wati 50 kuliko moja ya wati 100, kwa sababu hita moja ikigandia kwenye "washa" haitaweza kuwapika samaki peke yake. Dar, Mombasa na Unguja shida ni kinyume, hasa Januari hadi Machi. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi 2 au 3, basi usifunike tangi kwa kioo. Tumia wavu ili samaki wasiruke. Usilidharau joto: mwaka 1998 bahari yetu ilipozidi kiwango chake kwa nyuzi chache tu, matumbawe yalipauka na kufa kwa wingi kuanzia Kenya hadi kusini mwa Tanzania. Tangi lako linaweza kufika huko mchana mmoja.

Hatua ya 5: Kukomaza tangi

Panga mawe kama kilo 8 hadi 10 yakiegemea vizuri, yakae kwenye sakafu ya kioo kabla ya mchanga ili samaki wachimbaji wasiyaangushe. Washa pampu, zima taa. Tia bakteria wa chupa, kisha tia amonia safi isiyo na manukato wala sabuni hadi ipime 2 kwa milioni. Bakteria wa kwanza wataigeuza amonia kuwa nitriti, wa pili wataigeuza nitriti kuwa nitrati. Pima kila baada ya siku mbili, andika kwenye daftari.

Tangi limekomaa siku utakapotia amonia ya 2 na baada ya saa 24 amonia na nitriti zote zikasoma 0. Kwa mawe makavu hesabu wiki 4 hadi 6, pengine zaidi. Ikifika, badilisha nusu ya maji kupunguza nitrati, kisha washa taa. Bakteria hawa hawajali kwamba uliwahi kufuga miaka kumi huko nyuma.

Hatua ya 6: Wakazi

Lita 80 zinabeba samaki klauni wawili, gobi mmoja mdogo, kamba msafishaji mmoja na konokono wachache. Basi. Kitatange na kangaja wanavutia, na wengine wanapatikana kwenye miamba yetu, lakini kitatange wa kifalme anafika sentimita 40 na kangaja anahitaji kuogelea mita kwa mita. Ukipata samaki waliozalishwa na wafugaji, chagua hao: wanakula chakula cha kawaida na hawana majeraha ya wavu. Klauni wanazalishwa tangu miaka ya 1970, na tangu ulipoacha hata kangaja wa njano amezalishwa, 2015 huko Hawaii, akafuatiwa na yule wa buluu huko Florida mwaka 2016. Hawafai tangi lako, ila ujue dunia imesogea.

Kila samaki apite karantini ya wiki 4 kwenye tangi tupu lenye sponji ya hewa. Matumbawe yasubiri hadi mwezi wa tatu au wa nne, na uanze na yale laini.

Hatua ya 7: Ratiba

Lita 8 za maji mapya kila wiki. Lisha kidogo. Pima chumvi na joto kila unapopita.

MASWALI YA WANACHAMA

Niko Kigamboni, bahari naiona dirishani. Kwa nini ninunue chumvi?

Mkuu, si lazima ununue. Maji ya bahari ndiyo bora kuliko yote yakichotwa vizuri. Nenda na mashua hadi nje, maji yakiwa yamejaa, mbali na bandari na mdomo wa Mto Msimbazi. Usichote wakati wa masika, maana mvua hushusha chumvi na mito hushusha uchafu. Tumia mapipa ya chakula, kamwe si ya kemikali hata yakioshwa. Chuja kwa kitambaa kizito, funika yakae gizani wiki mbili huku pampu ya hewa ikifanya kazi, kisha pima chumvi kabla ya kutumia. Kumbuka kila dumu la lita 20 ni zaidi ya kilo 20 za kupandisha ngazi.

Shikamoo mwalimu. Nairobi umeme ukikatika kwa muda wa saa sita, nifanye nini?

Marahaba. Kinachoua kwanza ni kukosa hewa. Baridi inakuja baadaye. Nunua pampu ya hewa ya betri inayowaka yenyewe umeme ukikatika, na uijaribu kila mwezi. Acha kulisha. Zungushia tangi blanketi kutunza joto. Kama huna pampu, chota maji kwa jagi na uyamwage toka juu mara kwa mara. Inachosha, lakini inaokoa.

Mimi ni wa Mombasa. Naweza kuokota matumbawe na mawe kule mwambani?

Hapana, dada, nakuomba usifanye hivyo. Ndani ya hifadhi, iwe ya bahari ya Mombasa au Bongoyo na Mbudya kwetu Dar, ni marufuku kuchukua chochote. Nje ya hifadhi waulize maafisa wa uvuvi kwanza. Matumbawe yote magumu yamo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo kuyavusha mpaka kunahitaji kibali. Miamba hii bado inajijenga tangu 1998. Omba kipande kutoka kwa mfugaji mwenzako. Tumbawe laini likikatwa vizuri linaota tena, na yeye hapungukiwi.

Naishi Maskati. Kiangazi tukisafiri tunazima kiyoyozi. Tangi litapona?

Halitapona kwa feni. Ama chumba kimoja kibaki na kiyoyozi kwenye nyuzi 26, ama ununue mashine ya kupoza maji. Kama gharama zote mbili ni kubwa, ahirisha tangi hadi utakapokuwa nyumbani msimu mzima.

Mchanga umegeuka kahawia wiki mbili baada ya kuwasha taa. Nimekosea?

Hujakosea. Ni dayatomu, mwani mdogo sana; wanakula silika na wataondoka wenyewe. Punguza taa hadi saa 6 kwa siku, usitie dawa yoyote.

Klauni wangu ana vidoti vyeupe kama punje za chumvi na anajisugua kwenye mawe.

Huenda ni Cryptocaryon irritans, kimelea cha ngozi na matamvua ya samaki wa baharini. Hamisha samaki wote, hata wanaoonekana wazima, kwenye tangi la karantini na uwatibu kwa shaba huku ukiipima kila siku kwa kipimo chake. Dawa hiyo isiguse tangi kubwa. Tangi kubwa likae bila samaki siku 76, ili vimelea vikose mwenyeji na kufa. Kamba na konokono wabaki humo na walishwe kidogo. Wavu, ndoo na mikono yako visitoke tangi moja kwenda jingine vikiwa vimelowa.