Kigoda cha Nani? Namna ya Kusoma Jazanda katika Tamthilia ya Familia

Nafundisha Fasihi ya Kiswahili hapa Kisumu, na masomo yakiisha nasimamia chama cha maigizo. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Mwalimu, hiki kinamaanisha nini?" Mwanafunzi ameona kigoda, chungu au mlango uliofungwa, anataka jibu moja aliandike, asonge mbele. Miongozo ya mitihani humpa jibu hilo moja, naye hulikariri bila kuisoma tamthilia yenyewe. Jambo hili linaniuma, ndiyo maana naandika.

Anza na kitu, maana ije baadaye. Pitia tamthilia yote ukiwa na kalamu. Kila mara kitu hicho kinapotokea, kwenye mazungumzo au kwenye maelekezo ya jukwaani, andika pembeni ni nani amekigusa, nani amekikwepa, na kimebadilika vipi tangu ulipokiona mara ya mwisho. Wengi huruka maelekezo ya jukwaani kwa sababu hayana maneno ya mhusika. Usiyaruke. Mara nyingi jazanda, yaani kitu kinachobeba maana zaidi ya umbo lake, hukaa humo.

Kuna igizo tulilolitunga chamani kuhusu familia iliyofiwa na baba. Kigoda chake cha miguu mitatu kimebaki sebuleni. Mama anakipangusa vumbi kila asubuhi lakini hakikalii. Kitindamimba anakikalia akila mahindi ya kuchoma na hakuna anayemkemea. Kaka mkubwa, aliyerudi kutoka Nairobi, anakisukuma ukutani kwa mguu ili kochi jipya lipate nafasi. Kisha ami anaingia, anakiona, anaanza kuinama akikalie, na kaka yule yule aliyekipiga teke anaruka kukivuta. Mama anasema tu, "Kiacheni."

Baada ya onyesho watazamaji walibishana. Kuna walioshikilia kwamba kigoda ni mamlaka, na kuna walioshikilia kwamba ni majonzi. Sasa rudi kwenye yale uliyoandika pembeni. Kwa mama ni mume. Kwa kaka ni cheo ambacho hakukijali mpaka alipoona mtu mwingine akikinyemelea. Kwa mtoto ni kiti. Utata haukutokana na uzembe wa watunzi. Ndio ugomvi wenyewe wa familia ile, kwa kuwa kila mmoja amezika baba tofauti. Kwa hiyo katika tamthilia ya familia, kabla hujauliza kitu kinamaanisha nini, uliza kinamaanisha nini *kwa nani*.

Halafu uliza mila. Kwa desturi ya Waluo, mdogo hajengi nyumba bomani kabla ya kaka yake. Kijana mdogo akiingia jukwaani amebeba fito za kujengea ilhali kaka yake bado hajajenga, mtazamaji wa Siaya atashtuka kabla neno halijatamkwa. Aliyekulia kwingine ataona fito tu. Ukisoma tamthilia ya jamii usiyoijua, muulize mzee wa huko. Lakini usiishie kwa mzee. Mila itakueleza uzito wa kitu. Mtunzi anaweza kuwa ameufuata uzito huo au ameupindua makusudi.

Jaribio ninalolipenda zaidi ni kukiondoa au kukibadilisha kitu, uone kinachopotea. Henrik Ibsen, mtunzi wa tamthilia wa Norwe, ametusaidia hapa. Katika A Doll's House, iliyoigizwa mara ya kwanza Copenhagen mwaka 1879, Nora, mke na mama anayemficha mumewe deni, anaupamba mti wa Krismasi katika sehemu ya kwanza. Sehemu ya pili inapofunguka, mti umesimama pembeni umevuliwa mapambo, mishumaa imeungua hadi vishina. Hakuna mhusika anayeueleza. Uondoe mti huo, na hofu ya Nora italazimika kusemwa kwa mdomo.

Mwishoni Nora anamwacha mumewe, anatoka na mlango unasikika ukifungwa. Amejikomboa, au amewatelekeza watoto? Mwaka 1880, kwa ajili ya jukwaa la Ujerumani, Ibsen mwenyewe aliandika mwisho mwingine, shingo upande: Nora anapelekwa penye mlango wa chumba cha watoto, nguvu zinamwishia, anabaki. Soma miisho yote miwili. Ule wa pili unalijibu swali kwa niaba yako, na binafsi naona unaipunguza tamthilia nzima. Mlango ule wa kwanza unakuachia ukombozi pamoja na gharama yake.

Ukifika kwenye kuandika, usiseme "kigoda kinaashiria mamlaka" ukaweka nukta. Andika: "Kwa kaka mkubwa kigoda ni mamlaka, kwani anakivuta ami anapotaka kukikalia, kwa mama ni kumbukumbu ya mume, kwani anakipangusa bila kukikalia." Kila maana ifuatwe na kitendo. Maana isiyo na kitendo jukwaani iache, hata kama inapendeza.

Mkibishana wawili na kila mmoja ana ushahidi, simameni muigize onyesho hilo mara mbili, kila mara kwa maana moja, kisha sikilizeni kauli inayofuata. Tulipoigiza kigoda kama mamlaka tu, "Kiacheni" ya mama ilisikika kama amri ya kumtetea kaka, na mwigizaji wetu akalalamika kwamba hajui amtazame nani. Tulipomwachia mume wake ndani ya kigoda, alikitazama chenyewe, na vijana wakaacha kuvutana bila kuelekezwa.