Jinsi ya kuomba cheti cha kwenda Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya malezi ya mtoto

Kila anayekuja na bahasha yake ya hukumu hapa Moshi namuuliza kwanza: kesi ilianzia wapi? Kama ilifunguliwa Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2023 huhitaji tena kibali cha kwenda Rufani. Ila kama ilianzia Mahakama ya Mwanzo, ikapanda Wilaya, kisha Mahakama Kuu, huendi popote mpaka Mahakama Kuu yenyewe ithibitishe kwa cheti kwamba kuna hoja ya kisheria.

Siku zinahesabiwa tangu hukumu iliposomwa, hata kama nakala bado hujaipata. Wengi hukwama hapo. Ikisomwa tarehe 3 Machi, hadi tarehe 2 Aprili, yaani siku 30, taarifa ya kusudio la kukata rufaa iwe imefika masjala ya Mahakama Kuu, Moshi au Arusha, kule shauri lilikosikilizwa. Mwenzako, yaani mpinzani wako kwenye kesi, apewe nakala ndani ya siku 14. Siku unayowasilisha taarifa, mwandikie Msajili wa Mahakama Kuu barua ya kuomba nakala za mwenendo wa kesi na hukumu. Barua hiyo nayo mpe mwenzako nakala, asaini na kuandika tarehe.

Taarifa ikishapokelewa, ndani ya siku zilezile 30, peleka maombi ya cheti yakiambatana na hati ya kiapo uliyoapa mbele ya kamishna wa viapo. Siku hizi nyaraka hupandishwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa Mahakama. Stesheneri watakusaidia kuskani, lakini nywila yako usiwaachie.

Kazi kubwa ni hoja yenyewe. Dada mmoja aliniletea kiapo cha kurasa nne: mume mlevi, wifi anampiga mtoto, mchango wa ada hauonekani. Huenda yote ni kweli, ila huo ni ushahidi, na ushahidi ulishapimwa huko chini. Tukaisoma hukumu upya, taratibu. Mtoto ana miaka 4. Sheria ya Ndoa inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni vyema akae na mama yake, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo, na hukumu haikuligusa jambo hilo hata kwa mstari mmoja. Kurasa nne zikawa sentensi moja: “Je, ilikuwa sahihi kisheria kumpa baba malezi ya mtoto wa miaka 4 bila kuzingatia dhana hiyo?” Ukiwa na hoja moja ya namna hiyo, inatosha. Usiizungushie malalamiko.

Umechelewa? Anza na maombi ya kuongezewa muda Mahakama Kuu, na ujieleze kwa kila siku uliyochelewa. “Nilikuwa naumwa” bila cheti cha hospitali haitakufikisha mbali. Huna hela ya wakili, shirika la KWIECO hapa Moshi wanatoa msaada wa kisheria.

Wakati huo amri ya malezi inaendelea kufanya kazi, kwa hiyo usiende kumvizia mtoto getini shuleni.

Ukipata cheti, kinaingia kwenye kumbukumbu za rufaa, yaani furushi la nyaraka za kesi, ambazo zinatakiwa kuwasilishwa ndani ya siku 60 tangu ulipowasilisha taarifa. Siku za kusubiri nakala kwa Msajili huondolewa kwenye hesabu, mradi Msajili azithibitishe kwa maandishi, nawe uonyeshe ile barua yenye saini ya mwenzako.